Ukurasa wa Majina

Masasi, dukani, baada ya alasiri

Mwanangu Salma,

Wewe na mama yako mmekwenda Kitangari kuaga, mimi nimebaki hapa dukani nikijifanya nina kazi. Kazi yenyewe ni kopi mbili za cheti cha kuzaliwa na picha za pasipoti za mzee mmoja wa Chiwata ambaye alifumba macho kila nilipobonyeza, mpaka tukachekana. Alipoondoka nikarudishia mlango, nikachomoa karatasi kwenye mashine ya kopi, nikakaa kukuandikia.

Sitakuandikia habari za kukunja nguo, kula kwa wakati wala kuchagua marafiki. Mama yako ameshakuambia hayo yote mara tatu, na mara ya tatu kwa kelele. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Nilijaribu tulipokwenda kukata tiketi, nikaishia kukuuliza kama una soksi. Nikajaribu tena juzi ulipokuwa unafua, nikakuuliza soksi zile zile. Ukanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Jambo lenyewe ni hili. Jina la utotoni la Bibi yako lilipotoka mtandaoni, halikutoka kwa kosa lako. Lilitoka kwa kosa langu. Nilijua tangu jioni ya siku tuliyoitwa Kitangari, nikanyamaza, na leo ni mwaka wa tatu. Nimeliweka juu kabisa ili hata ukichana barua hapa, liwe limeshakufikia.

Kama hujaichana, nianze mbali kidogo, maana nataka uone ujinga ulikotokea. Ulikuwa bado mdogo nilipokuwa na blogu ile ya kwanza, ya bure, kwenye tovuti ya watu wa mbali. Nilikuwa naandika chochote: mvua za mwaka, mpira wa Chiungutwa na Chiwata, bodaboda gani ina breki na ipi haina. Siku moja nikafungua nikakuta ujumbe kwamba akaunti haipo. Maneno ya miaka minne yamekwenda, na sina nakala hata kwenye daftari. Mama yako akasema pole, nikamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyefuta. Nikaapa sitapanga tena kwenye nyumba ya mtu. Nitajenga yangu, hata ikiwa kibanda.

Nikajenga. Nilijifunza kwenye simu, video moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta ya mtumba ambayo herufi yake ya M ilikuwa imeng'oka. Wateja waliponiuliza nafanya nini niliwaambia hivi: tovuti nyingi ni kama mgahawa unaopika mteja akishaagiza, na jikoni kukiharibika kitu wote mnalala njaa. Yangu inapika mapema, inafunika, ukija unapakuliwa tu. Ndiyo maana programu niliiita Upawa. Unaandika maandishi ya kawaida kwenye faili, juu yake unaweka kichwa cha habari, jina la msimulizi, kijiji na tarehe. Upawa unasoma mafaili yote, unayageuza kurasa, mimi nazipandisha mtandaoni kwa bando la simu. Siku ukurasa wa kwanza ulipotoka niliwaita majirani. Ulikuwa na maneno mawili tu, "Karibu hapa," na moja lilikuwa limekosewa.

Kibanda kikasimama, ndani hamna kitu. Mama yako ndiye aliyesema, "Kwa nini usiweke maneno ya Mama? Akishaondoka yeye, nani atajua watu wa Kitangari walikuwa wanashuka bondeni kufuata maji?" Nikaona ni wazo zuri, nikalifanya langu.

Tatizo ni kwamba mimi ni mkwe. Kwetu mkwe hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake, hamkodolei macho akiongea, na jina lake halipiti kinywani mwa mkwe, seuze kumhoji asubuhi nzima. Kwa hiyo tukapanga, wewe unakaa jikoni na Bibi na daftari, mimi nakaa nje nyuma ya ukuta na kompyuta mapajani. Bibi anasimulia, wewe unaandika, mimi nasikiliza. Nikitaka kuuliza nakuita wewe, wewe unamuuliza yeye, ingawa sote tunasikiana vizuri tu. Bibi alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Mwambie baba yako," anasema, "ukuta huu ni wa udongo, si wa chuma."

Siku hizo nilikuwa na furaha kuliko ninavyoweza kukueleza. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ulikuwa unaandika haraka, na jioni ukifika nyumbani unanisomea ulichoandika kwa sauti ya Bibi, na kikohozi chake unakiweka, kisha unachapa yote kwenye faili.

Nakumbuka Jumamosi moja alipoanza ile hadithi ya maji. Jinsi walivyotoka nyumbani jogoo la kwanza, watoto wa kike na vibuyu kichwani, wakashuka mteremko mpaka chini, wakakuta chemchemi imekauka karibu yote. Wakalala pale pale kusubiri maji yajikusanye, wa kwanza kufika akichota kwanza. Hapo nikamkatiza. Tarehe kwenye kurasa zangu zilikuwa zinajipanga kinyumenyume, hadithi mpya chini, ya zamani juu, na nilikuwa nimekasirika nazo tangu asubuhi. Nikaita, "Salma, mwambie Bibi angoje kidogo." Kidogo ile ikafika adhuhuri. Bibi akaenda kuswali, akarudi, akaanza kupepeta mtama wake, na hadithi ikabaki pale kwenye chemchemi, watoto wamelala. "Tutamalizia," akasema. Mimi tarehe zangu zilikuwa zimekaa sawa, nikarudi Masasi napiga mluzi.

Miezi saba nilihangaika na rangi, na herufi, na tarehe, na katika miezi hiyo saba tulipata hadithi kumi na moja tu. Mama mkwe alikuwa tayari kila wiki. Mimi ndiye niliyekuwa siko tayari, nilikuwa nachonga kijiko. Ningekuwa na akili ningeacha tarehe zilale kinyumenyume mpaka leo.

Sasa majina. Umepita unyago, huhitaji kufundishwa na mimi. Jina la utotoni ukitoka kule umeliacha kule, na mtu akikuita nalo ukubwani amekutukana, hata likiwa jina zuri. Bibi alikutajia lake kwa sababu wewe ni mjukuu wake, na kwa sababu yule mtoto aliyelala kwenye chemchemi ndivyo alivyokuwa akiitwa. Akakuambia uliandike lakini lisionekane na mtu. Ukaja nje kuniuliza, "Baba, niliandike kweli?" Nikakujibu kwa kiburi cha fundi. "Andika. Mstari wowote wa siri weka alama ya reli mwanzoni, hii #, Upawa utauruka." Na kweli Upawa ulikuwa unauruka. Wazee wengine wawili waliosimulia baadaye tuliwafanyia hivyo hivyo.

Ikaja Alhamisi moja ya mvua, dukani hamna mteja. Nikaamua kuongeza ukurasa mpya, Orodha ya Watu, wasimulizi wote wamepangwa kwa herufi. Hakuna aliyeniomba. Badala ya kutumia ile sehemu ya zamani ya programu iliyojua kuruka mistari ya siri, nikaandika sehemu mpya, inayosoma mafaili upya na kuokota kila mstari wenye neno "jina". Kila mstari, Salma. Wenye reli na usio na reli. Orodha ikatoka ndefu, imepangika, nikasema sasa hii ndiyo tovuti. Nilitazama ilivyokaa, sikusoma ilichosema. Nikaipandisha, nikafunga duka, nikaja nyumbani kula.

Ningekuwa na wosia wa kazi wa kukupa ningekupa huo tu: soma kwa macho yako kile kilichotoka, kabla ya kukitoa kwa watu. Hauna uzito wowote mpaka siku utakapokuuma.

Wiki mbili baadaye Kitangari walikuwa wanawatoa wali wa unyago. Sikuwepo, nawe hukuwepo, aliyenihadithia ni mama yako. Bibi alikuwa miongoni mwa wakubwa wa shughuli, amevaa khanga mpya, ndiye wa kuongoza nyimbo. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amefungua ukurasa wetu kwenye simu, na katika kutaka kuchekesha wenzake akamwita Bibi kwa jina lile, kwa sauti. Mama yako anasema ngoma ilinyamaza. Bibi akajifunika khanga usoni, akauliza, "Nani kanivua nguo mbele za watu?" Akaondoka peke yake kwa miguu mpaka nyumbani, na nyimbo zikaongozwa na mwingine.

Jumapili tukaitwa. Unakumbuka tulivyokaa: Mjomba Hamisi kwenye kiti, kina mama upande ule, Bibi ametupa mgongo. Mjomba akauliza kwa upole kabisa, "Shemeji, hili limetokaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Hata hilo lingekuwa afadhali. Lakini niliona macho ya wakwe zangu wote, nikaona mkwe mwanamume aliyemtaja mama mkwe kwa jina la utotoni mbele ya nchi nzima, nikaogopa. Nikasema, "Mtoto ndiye anayechapa. Nadhani alisahau alama."

Uliinua uso ukanitazama. Si kwa hasira. Ulikuwa unanitazama ili ujue kama ni kweli, maana wakati ule neno langu lilikuwa kipimo chako. Halafu ukainamisha kichwa, ukasema, "Nisamehe, Bibi." Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Bibi hakugeuka. Alisema neno moja tu, "Yafuteni." Mjomba akamwaga unga kidogo chini, kama desturi ya kufunga shauri, tukaambiwa yamekwisha.

Jioni hiyo nilikuja dukani kuyaondoa yote mtandaoni. Kabla ya kufuta nikafungua mafaili, nikitaka kuona ni lipi ulilosahau. Nikafungua la kwanza, alama ipo. La pili, ipo. Nilifungua yote, Salma. Hukusahau hata moja. Kwenye faili la Bibi uliweka alama mbili, ya pili kwa kuogopa. Nikarudi kwenye programu nikakuta mstari wangu wa Alhamisi. Kurekebisha kulinichukua muda wa kunywa chai.

Na chai hiyo uliileta wewe. Ulisimama mlangoni na chupa, ukaniuliza, "Baba, ni faili lipi nililosahau?" Nilikuwa nalo wazi mbele yangu. Ningegeuza tu kioo ukaona. Nikasema, "Yamekwisha, mwanangu, usijisumbue." Nikafunga kompyuta.

La barazani lilinitoka kwa woga, na mwoga huweza kusema chochote. Hili la chupa ya chai nililisema nimetulia, nimekaa, hakuna aliyenishika shati. Hilo ndilo linaloniamsha.

Tangu hapo hukuandika tena. Daftari ukalitia chini ya godoro, mama yako akalikuta siku ya kuanika. Kitangari ukawa huendi mpaka ulazimishwe, na ukienda unakaa na watoto. Bibi naye akanyamaza. Akiulizwa hadithi anasema amesahau, mwanamke aliyekumbuka hata kibuyu kipi kilivuja. Nilijidanganya kwamba mtakaa sawa wenyewe, bibi na mjukuu hawakosani muda mrefu. Nikasema nitamwambia baada ya msimu wa korosho. Ukapita msimu, nikasema baada ya Ramadhani. Mtu anayetaka kukimbia hakosi kalenda.

Bibi akafa masika ya mwaka jana. Kwenye msiba kina mama walikuwa ndani naye, wewe ukakaa nyuma ya nyumba na ndoo za maji, siku tatu unateka na kuosha vyombo. Watu wakakusifu, binti mchapakazi. Mimi nilijua kwa nini hukuingia. Nilikuwa nimekaa na wanaume, umbali wa hatua ishirini, na miguu ninayo.

Mwaka huu ulipochagua chuo cha Tabora, mambo ya nyuki, nilikutania. Nikakuuliza mtoto wa Masasi na nyuki wapi na wapi. Ukajibu huku unachambua mboga, "Nyuki hawaandikwi majina, Baba." Ukaendelea kuchambua. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, mama yako akadhani natafuta kuku.

Kwa sababu ya jibu hilo wiki iliyopita nilipanda gari nikaenda Kitangari peke yangu. Nilimwomba Mjomba Hamisi awaite wale wale waliokuwepo siku ile, kina mama nao. Nikasema yote: Alhamisi, orodha, alama zako, chai. Katikati ya maneno shangazi mmoja akaniletea maji. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Mjomba akasema, "Shemeji, Mama alijua."

Nikauliza alijuaje. Akasema, "Alijua siku ile ile. Alisema yule mtoto alimwonyesha ile alama kwa kidole. Akamwambia, Bibi, hii ndiyo kufuli, nimekufungia mara mbili. Mama hakujua kusoma, lakini kufuli yake aliiona. Akasema mtoto hakusahau, baba yake ndiye aliyefungua."

Nikauliza kwa nini basi hakusema. Mjomba akanitazama kama maswali yangu yamemchosha. "Aseme nini? Amwambie mtoto kwamba baba yake mwongo? Alisema neno hilo si lake, ni lako. Alikuwa anakungoja."

Mpaka anakufa alikungojea wewe akinisubiri mimi. Alijua huna kosa, na hakuweza kukuita akakukumbatia bila kunivua mimi mbele ya mwanangu. Mwanamke niliyemvua nguo mbele za watu alinifunika mpaka akaingia kaburini, na gharama ya kunifunika ilikuwa ni kukukosa wewe.

Shangazi yule aliyeniletea maji akaongeza kitu ambacho nimekihamisha huku na huku kichwani nikitafuta namna ya kutokuambia. Siku za mwisho Bibi alikuwa anasema, "Salma akija mwenyewe, mkumbusheni, ile ya maji hatujaimaliza." Sikujua kwamba alikuwa na nia ya kuimalizia. Nimewauliza wote pale kama kuna anayejua mwisho wake, kama wale watoto walipata maji. Kila mtu anajua mwanzo. Mwisho hakuna anayeujua, Salma, na sina cha kukupa badala yake. Programu inafanya kazi vizuri siku hizi. Ina kila kitu isipokuwa hicho.

Niliwaomba Mjomba na wenzake kwamba leo mkifika wasikuambie wao. Kwa hiyo kama walikupokea kwa namna ya ajabu, wakakushika mikono muda mrefu, wakakuita ndani ukae walipokaa wakubwa, sasa unajua kwa nini. Wanajua huna kosa. Ni wewe na mama yako tu mliokuwa hamjui.

Mafaili yote kumi na moja yapo kwenye kompyuta, hayajaguswa. Si yangu. Bibi alisema kwa mdomo wake kufutwa, na wewe ndiye uliyemwandikia, kwa hiyo wewe ndiye wa kusema yakae au yaende. Sitakuuliza mara ya pili na sitapandisha hata mstari.

Nilikuwa nimepanga barua hii niifiche kwenye begi lako katikati ya vitenge, uikute Tabora, mimi nikiwa mbali na macho yako. Halafu nikajitambua. Nitakupa mkononi mkirudi leo, kabla ya chakula, na mama yako akiwepo, maana naye sijamwambia. Uliza unachotaka. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani watazoea.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi la kesho. Msamaha wa haraka ungenifaa mimi, wewe usingekufaa. Nakuomba tu ujue unaondoka hapa huna deni la mtu yeyote aliyelala Kitangari.

Kwetu mtoto ndiye anayeanza kuamkia. Kesho alfajiri shikamoo ikikukwama, usiilazimishe. Mimi nitaanza kukusalimu wewe. Na usipoitikia nitachukua begi lako, nitatembea nyuma yako mpaka stendi.

Baba yako